Soseji na viazi kwenye kikaango kimoja, kwa dakika 40

Viazi vibichi na soseji vikitiwa kikaangoni kwa pamoja, matokeo ni yale yale: soseji zimepasuka na kukauka, viazi vina rangi nzuri kwa nje lakini ukivitafuna vinalia kama karoti mbichi. Kuongeza viungo hakuponyi kasoro hiyo. Inayoponya ni zamu, yaani nini kiingie kwanza, nini kitoke, na maji yaondoke lini.

Kiazi kinataka mambo mawili yanayopingana. Ili kiive ndani, kinataka unyevu na joto la maji yanayochemka. Ili kipate ganda la kahawia, kinataka mafuta ya moto na uso mkavu, kwa sababu ile rangi na harufu ya kitu kilichokaangwa hujitokeza kwa kasi joto likipita nyuzi 140 hivi, na penye maji joto haliendi juu ya nyuzi 100. Maji yakiwa bado yapo kikaangoni, hukaangi bali unachemsha, hata ukiongeza moto kiasi gani. Soseji nayo inataka moto wa taratibu ili iive hadi katikati kabla ngozi haijapasuka. Kikaango kimoja kinayaweza haya yote, mradi yafanyike moja baada ya jingine: soseji kwanza, kisha zitolewe; viazi viive kwa mvuke wa maji kidogo; maji yakauke; ndipo mafuta yaingie na viazi vikaangwe; halafu kitunguu na hoho; soseji zirudi mwishoni.

Vipimo hivi ni vya watu wanne na kikaango cha sentimita 30:

- Soseji mbichi za ng'ombe au kuku, gramu 400
- Viazi mviringo gramu 800 kabla ya kumenya (vikimenywa hubaki kama gramu 700)
- Kitunguu maji kikubwa 1
- Pilipili hoho kubwa 1
- Kitunguu saumu, punje 3
- Mafuta ya kupikia, vijiko 3 vya chakula
- Maji mililita 150, yaani zaidi kidogo ya nusu kikombe
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Binzari nyembamba ya unga, nusu kijiko cha chai
- Pilipili manga, ndimu nusu, na fungu dogo la kotimiri (dania)

Chumvi inaonekana ndogo, na ni makusudi. Soseji nyingi zina chumvi kati ya gramu 1.5 na 2 katika kila gramu 100, kwa hiyo gramu 400 za soseji tayari zimeleta kijiko kizima cha chai cha chumvi kwenye chakula chako. Soma pakiti. Ikiwa imeandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha namba hiyo kwa 2.5 upate chumvi yenyewe.

Kikaango na jiko

Ukubwa wa kikaango, au fraipani kama wengi wanavyoiita, ndio huamua kiasi cha viazi. Kipimo cha sentimita 30 ni cha mdomo. Kitako chake mara nyingi ni sentimita 24 au 25 tu, na ni kitako kinachokaanga. Vipande vya viazi vya sentimita 2 vikipangwa safu moja, na nafasi kidogo kati yake, gramu 650 hadi 700 zinaenea hapo. Kikaango cha sentimita 26 kinabeba kama gramu 500. Ukizidisha, vipande vya juu havigusi chuma, mvuke unanasa katikati, na chakula kizima kinakuwa viazi vya kupondeka vyenye soseji. Kama mna watu sita na kikaango kidogo, pika mikupuo miwili.

Kitako kiwe bapa na kizito. Karai ni chombo kizuri cha mafuta mengi, lakini hapa linasumbua: vipande huteleza kuelekea katikati na kulundikana. Sufuria ya alumini nyembamba inaweza kutumika, ila ina sehemu moja inayoungua, ile iliyo juu ya ulimi wa moto, kwa hiyo izungushe kila baada ya dakika mbili. Chuma kizito cha chapati kinakaanga vizuri kuliko vyote, tatizo lake ni kingo fupi. Punguza viazi hadi gramu 450 na maji hadi mililita 80.

Utahitaji kifuniko. Kama kikaango hakikuja na chake, sahani ya bati au kifuniko cha sufuria kubwa kinatosha, hata kama hakibani sawasawa. Kinachotakiwa ni mvuke usitoroke wote.

Kwenye gesi mambo ni rahisi. Jiko la umeme la sahani huchelewa kupoa ukilipunguza, hivyo moto ukizidi inua kikaango chote uweke pembeni kwa nusu dakika, usingoje swichi ikusaidie. Kwa mkaa, subiri makaa yashike yote na kuanza kuvaa majivu meupe, kisha yatandaze yawe sawa. Ukihitaji moto mdogo, funga kimlango cha chini. Ukihitaji mkali, kifungue na upepee kidogo.

Kuchagua na kukata viazi

Kwa pishi hili viazi bora ni vile visivyovunjika upesi. Nchini Kenya, Shangi ndiyo imejaa sokoni. Huiva haraka, na hiyo ni faida, lakini ina unga na kingo zake humomonyoka ikipikwa kupita kiasi. Kwa Shangi punguza dakika moja au mbili kwenye hatua ya mvuke, na tia nusu kijiko cha chai cha siki kwenye yale maji. Ukali wa siki huzuia kile kinachoshikanisha chembe za kiazi kisiyeyuke mapema, hivyo kipande kinabaki na kona zake. Tanzania viazi vingi vya sokoni hutajwa kwa mahali vilikotoka, Mbeya, Njombe au Lushoto, na ndani ya gunia moja unaweza kukuta aina mbili au tatu. Chagua vinavyolingana ukubwa, vigumu mkononi, visivyochipua.

Kiazi chenye rangi ya kijani kisikupite bila kukitazama. Kijani chenyewe ni alama kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga, na mwanga huo huo hukifanya kitengeneze solanini, sumu yenye uchungu ambayo kupika hakuiondoi. Doa dogo likate pamoja na nyama yake ya chini kwa unene wa kutosha. Kijani kikiwa kimetambaa kiazi kizima, kitupe.

Viazi visikae kwenye friji pia. Baridi kali hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na kiazi hicho kikigusa mafuta kinakuwa cheusi kabla hakijawa kitamu. Vihifadhi kwenye kikapu au gunia, gizani, penye hewa.

Menya, kata vipande vya mchemraba vya sentimita 2. Cha muhimu zaidi ya kipimo chenyewe ni kwamba vyote vilingane: kipande cha sentimita 3 kikiwa pamoja na cha sentimita 1, kimoja kitakuwa kigumu na kingine kitakuwa uji kwa wakati mmoja. Viazi vichanga vyenye ngozi laini si lazima kuvimenya, visugue tu kwa brashi.

Viloweke vipande kwenye maji baridi kwa dakika mbili, vikoroge kwa mkono, mwaga, suuza tena hadi maji yasiwe meupe kama ya mchele. Ule weupe ni wanga uliomwagika wakati wa kukata, na ndio gundi inayofanya viazi vishikane vyenyewe kwa vyenyewe na kushika kitako. Vichuje tu. Hakuna haja ya kuvifuta kwa kitambaa, kwa sababu njia hii inaanza na maji.

Soseji

Kwanza jua uliyonunua ni ipi. Soseji nyingi za pakiti zinazouzwa zikiwa zimegandishwa ni mbichi na lazima ziive kabisa. Smoki na vienna zimeshapikwa kiwandani. Hizo zinahitaji kupata joto na rangi tu. Maelezo yako nyuma ya pakiti, na yasome kila unapobadilisha aina. Hapo hapo tazama nyama yenyewe ni ya nini, na alama ya halali kama mezani kuna wanaoihitaji, kwani kampuni moja inaweza kutengeneza za ng'ombe na za nguruwe zenye pakiti zinazofanana sana.

Soseji zilizoganda zihamishie sehemu ya chini ya friji tangu usiku uliotangulia. Ukisahau, ziweke kwenye mfuko usiopitisha maji, ziloweke kwenye maji baridi kwa dakika 30 hadi 60 na ubadilishe maji katikati. Usiziache juu ya meza kutwa nzima: nje kunapata joto la kustawisha vijidudu huku ndani bado ni barafu. Na usizitupe zikiwa na barafu kwenye mafuta ya moto, kwani barafu hugeuka mvuke ghafla, mafuta yanaruka, na ngozi inachanika.

Ipo njia ya aliyechelewa kabisa. Ziweke zilizoganda kwenye kikaango baridi na mililita 100 za maji, funika, moto wa kati, dakika 8 hadi 10. Funua, acha maji yakauke, tia kijiko cha mafuta, endelea kuzigeuza hadi zipate rangi. Zinatoka laini, tena mara nyingi hazipasuki hata moja.

Usizitoboe kwa uma. Mazoea hayo ni ya watu wengi, na kila tundu ni mlango wa kutokea maji na mafuta ambayo ndiyo utamu wenyewe. Soseji hupasuka kwa sababu ya moto mkali, si kwa kukosa matundu. Nyama na maji ya ndani hufutuka, na za bei nafuu zenye wanga mwingi hufutuka zaidi. Zikipewa muda, ngozi inanyumbuka nazo.

Wala usizikate zikiwa mbichi. Nyama mbichi ya soseji ni kama tope zito, ukiiminya kwa kisu inatoka kwenye ngozi pande zote mbili. Zipike nzima kwanza, uzikate baada ya kukaza. Smoki ndizo unaweza kuzikata tangu mwanzo.

Kupika

Kata kitunguu vipande vya upana wa kidole, hoho vivyo hivyo, na kitunguu saumu kikatekate kidogo kidogo. Fanya hivyo kabla ya kugusa soseji mbichi, ili ubao na kisu visipeleke majimaji ya nyama kwenye mboga.

Bandika kikaango moto wa kati, tia kijiko kimoja cha mafuta, na panga soseji kabla mafuta hayajaanza kutoa moshi. Zikigusa chuma zitoe mlio mdogo wa kuchemka. Zikilipuka, moto umezidi. Zigeuze kila dakika moja au mbili kwa dakika 8 hadi 10, mpaka zipate rangi pande zote. Huu ndio wakati mzuri wa kumenya na kukata viazi, kama mikono yako ni mizoefu; kama sivyo, vimenye mapema uviache ndani ya maji.

Ziopoe, ziweke kwenye sahani, ziache zitulie dakika tatu, kisha zikate mshazari vipande vya sentimita 2. Zile za ng'ombe au nguruwe zimeiva zikifika nyuzi 71 katikati, za kuku nyuzi 74, kwa mwenye kipimajoto. Asiye nacho aikate ile nene kuliko zote na kuibonyeza: nyama iwe imekaza na kuachana kwa chembe, isinate kidoleni kama unga uliokandwa. Usitegemee rangi peke yake. Soseji zilizotiwa chumvi za kuhifadhia hubaki na uwaridi hata zikiiva. Kama katikati bado ni laini, si neno, zitarudi jikoni dakika chache baadaye. Zirudishe mapema zaidi kidogo.

Sasa tazama kitako cha kikaango. Kuna ukoko wa kahawia ulioachwa na soseji. Usiuoshe. Huo ndio utakaopaka viazi ladha ya nyama, na hakuna kiungo cha kununua kinachofanya kazi yake. Ikiwa umekuwa mweusi kabisa na unanuka kuungua, hapo ndipo unaufuta, maana uchungu wake utaenea kila mahali.

Mimina viazi, mililita 150 za maji na chumvi. Kwangua kitako kwa mwiko ili ukoko uyeyuke na kuingia kwenye maji. Tandaza viazi viwe safu moja, funika, acha vichemke kwa moto wa kati kwa dakika 7. Chumvi inaingia hapa kwa sababu kiazi kinachoiva kwenye maji yenye chumvi kinaikoleza hadi ndani. Chumvi inayonyunyizwa baada ya kukaanga hubaki juu ya ganda.

Dakika 7 ni za Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na kwingineko pwani. Nairobi na Mbeya ziko juu kiasi cha mita 1,700, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ongeza dakika 2, na vijiko viwili vya maji. Aliyehamia bara kutoka pwani akaona viazi vimekuwa vikaidi, hiyo ndiyo sababu.

Funua na uchome kipande kwa ncha ya kisu. Kisu kiingie, lakini pale katikati kabisa kikute ukinzani mdogo. Kipande kikigawanyika chenyewe, umechelewa kidogo; endelea, ila geuza kwa upole. Kikiwa bado kigumu na maji yamekwisha, ongeza vijiko viwili vya maji ufunike dakika mbili nyingine.

Viazi vikiwa tayari, acha kikaango wazi na uongeze moto kidogo hadi maji yakauke yote. Huchukua dakika moja au mbili. Tumia masikio: maji yakiwepo utasikia mchemko mzito wa mapovu, na yakiisha mlio unageuka kuwa mwembamba na mkavu, wa kuchachatika. Mlio huo ndio ruhusa ya kutia mafuta. Wengi hukosea hapa kwa kutia mafuta juu ya maji yaliyobaki, kisha wanashangaa mbona viazi havipati rangi.

Tia vijiko viwili vya mafuta kwa kuyazungusha pembeni, tikisa kikaango ili kila kipande kipakwe, tandaza tena. Halafu ondoa mkono. Dakika 4 nzima usiviguse. Kiazi kinapoanza kukaangika hushika chuma, na ganda likishaundwa hujiachia chenyewe. Anayevigeuza kila baada ya sekunde kumi analibandua lile ganda kabla halijakomaa na kuliacha kitakoni, ndiyo maana viazi vyake huwa vimechubuka na kikaango kimejaa utando. Jaribu kusogeza kipande kimoja: kikitoka bila ubishi, geuza vyote kwa mwiko bapa. Dakika 3 upande wa pili, geuza tena, dakika 2. Hutapata rangi pande zote sita za kila kipande na huhitaji. Pande mbili au tatu zinatosha.

Visogeze viazi pembezoni, weka kitunguu na hoho katikati. Vikiwa na mafuta machache, tia kijiko cha chai kimoja. Koroga hapo hapo katikati dakika 3, kitunguu kilainike kingo zikiwa zinaanza kuwa kahawia, hoho ibaki na ugumu kidogo. Ndipo kitunguu saumu, binzari na pilipili manga, kwa nusu dakika tu, hadi harufu ipande. Kitunguu saumu kilichotiwa mwanzoni pamoja na viazi kitakuwa kimeungua muda mrefu uliopita, na kikiungua huwa kichungu.

Rudisha soseji na majimaji yaliyochuruzika kwenye sahani. Changanya vyote, dakika 2 au 3, epua. Kamulia ndimu, mwaga kotimiri. Onja kabla ya kuongeza chumvi.

Nyanya

Wapo watakaouliza nyanya ziko wapi. Ndani ya kikaango hiki hazimo. Nyanya ni maji kwa sehemu kubwa, na ganda ulilolihangaikia kwa dakika kumi linalainika ndani ya mbili. Zikitiwa mapema, pamoja na viazi vibichi, ni mbaya zaidi: ukali wake unafanya kile kile kinachofanywa na siki, lakini kwa kupita kiasi, na viazi vinaweza kuchemka nusu saa vikabaki vigumu. Anayetaka nyanya akatekate kachumbari, kitunguu kikiwa kimeoshwa kwa chumvi, aiweke pembeni ya sahani. Ubaridi na uchachu wake unakata mafuta ya soseji vizuri sana. Na kama unachotaka hasa ni mchuzi, hilo ni pishi jingine na ni zuri: viive viazi kwanza, nyanya zifuate, na usahau habari za ganda.

Mambo yakienda kombo

Viazi vimekuwa vyeusi nje, vigumu ndani: moto ulizidi au hatua ya mvuke ilirukwa. Bado vinaokoka. Tia vijiko vitatu vya maji, funika kwa moto mdogo dakika 5, kisha funua yakauke. Ganda litalegea, ila vitalika.

Vimeshika kitako havitoki: epua kikaango, kiache mbali na moto dakika 2 bila kukigusa. Mvuke uliobaki chini ya viazi hulegeza ganda, na mara nyingi mwiko unapita baada ya hapo. Ukikwangua kwa nguvu kikiwa motoni unabaki na vipande vilivyochunika. Kikaango kisichoshika chakula kina shida nyingine: usikiache kitupu kwenye moto mkali, wala usikikwangue kwa chuma, tumia mwiko wa mbao.

Chakula kina mafuta mengi: soseji za nguruwe, na baadhi za ng'ombe, hutoa mafuta mengi kuliko za kuku. Baada ya kuziopoa, inamisha kikaango uone. Yakizidi vijiko viwili, punguza kwa kijiko, na usiongeze vile vijiko viwili vya baadaye bila kupima kwanza kwa macho. Soseji za kuku kwa kawaida hutoa kidogo, hivyo vipimo vya hapo juu vinakaa kama vilivyo.

Chumvi imezidi: kiazi kimoja kibichi kilichotupwa ndani hakitafyonza chumvi ya chakula kikavu kama hiki. Ongeza viazi vilivyochemshwa bila chumvi, au mayai, au kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba kama kachumbari ya pembeni.

Kubadilisha

Viazi vilivyochemshwa jana vinaondoa kabisa hatua ya maji. Vikate vikiwa baridi, vitie moja kwa moja kwenye mafuta baada ya soseji, na chakula kiko mezani kwa dakika 25. Tena ganda lake huwa gumu zaidi kuliko la viazi vya leo, kwa kuwa uso wake umekauka usiku kucha.

Viazi vitamu vinafaa, ila maji yawe mililita 100 na dakika 5, na moto wa kukaanga upungue. Sukari yake huungua upesi.

Kabichi iliyokatwa nyembamba, kiasi cha kujaza mikono miwili, inaingia wakati wa kitunguu na inahitaji dakika 5 badala ya 3. Sukuma wiki ni dakika 3. Spinachi hutoa maji mengi mno, hiyo ipikwe kando.

Mayai manne yanaweza kufanya kazi ya nusu ya soseji. Chakula kikiwa tayari, chimba vishimo vinne, pasulia yai kila kimoja, funika kwa moto mdogo dakika 4 hadi weupe ugande. Watoto waliozoea chipsi mayai watakitambua chakula hiki bila kuambiwa.

Kinachobaki

Kikipoa kidogo kiingie friji ndani ya saa mbili. Kwenye joto la pwani, siku inapopita nyuzi 32, hesabu saa moja. Kikae kwenye chombo kipana kisicho na kina, ili kipoe haraka hadi katikati, na kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Kukipasha, rudia kikaango: kijiko cha chai cha mafuta, moto wa kati, kitandaze, dakika 3 bila kukigusa, geuza, dakika 3 tena hadi soseji zifuke mvuke zikikatwa. Maikrowevu hupasha pia, lakini viazi vinatoka vimelowa. Ukiwa huna njia nyingine, acha chombo wazi badala ya kukifunika.